Nyumba Yangu Haina Thamani

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimetangaza vita. Adui: ofisi ya kodi ya mapato. Silaha: akili yangu. Wao wana jengo zima na makarani wasiohesabika. Mimi niko peke yangu. Nawaonea huruma.

Mhasibu wa kampuni alinikabidhi barua asubuhi, hata koti sijavua. Nikaisoma nimesimama. Inasema mfanyakazi aliyeletwa nchi hii na mwajiri wake, akapewa nyumba ya kuishi, thamani ya nyumba hiyo inahesabiwa kuwa sehemu ya mshahara wake. Na mshahara hutozwa kodi. Nikarudia kusoma. Yaani nikilala, nimelipwa! Nikikoroma, nimeongezwa mshahara! Miezi saba nimekuja huku kutengeneza lifti, nimeacha mke na watoto wawili nyumbani, na sasa natozwa kodi kwa kosa la kuwa na dari.

Mkadiriaji wao atakuja Ijumaa saa nne asubuhi kuikagua nyumba na kuipa thamani. Nyumba nzuri, kodi kubwa. Nyumba mbovu, kodi ndogo. Nyumba isiyo na thamani kabisa... Nikacheka peke yangu mpaka mhasibu akauliza kama nimepata habari njema.

Bwana Risiti amepata barua kama yangu. Huyu ni fundi mwenzangu, tulisafiri pamoja kutoka nyumbani, na mlango wake unatazamana na wangu. Jina nilimpa mimi. Anatunza risiti hata ya kiberiti. Akaniuliza kama nimeisoma barua upande wa nyuma. Nikamwambia mimi ni mtu wa mbele. Akafungua mdomo kueleza. Nikaingia kwenye lifti, mlango ukajifunga mbele ya pua yake. Raha ya kazi hii!

Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe anakuja.

Niandike vizuri, maana jambo hili ni zito kuliko kodi. Mke wangu yuko tayari kuhamia huku tangu mwezi wa kwanza. Watoto wako tayari, wameshagombania nani atakaa dirishani kwenye ndege. Asiyekuwa tayari ni mama yake. Amesema hatamtoa binti yake aende kulala stoo ugenini. Atakuja aione nyumba kwa macho yake. Akiridhika, wanahamia mwezi ujao. Asiporidhika, nibaki na lifti zangu mpaka mkataba uishe, yaani miaka miwili na miezi mitano. Mke wangu si mtu wa kumpinga mama yake. Wala mimi. Wala mtu yeyote ninayemfahamu.

Hofu ya mama mkwe nimejaribu kuituliza kwa picha. Nimemtumia picha sita za sebule yangu. Taa ya vioo inayoning'inia, sakafu ya marumaru, makochi ya ngozi, mti mzima ndani ya chungu. Zote nimezipiga kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli ninayohudumia lifti zake. Aliniuliza yule bwana mwenye koti la vifungo vya dhahabu ni nani. Nikasema ni jirani.

Nyumba yenyewe ni vyumba viwili, jiko na bafu, ghorofa ya sita, ya mwisho juu. Nyumba safi tu. Chumba cha pili nimeweka vitanda viwili vidogo, nimevitengeneza mwenyewe kwa mbao za makasha yanayokuja na mota za lifti. Kimoja nimekichora treni ubavuni, kingine samaki. Samaki ametoka kama kiatu. Kila nikirudi kazini naingia chumba kile, nasimama kidogo, natoka. Nawakumbuka wale watoto. Basi.

Mke ametuma ujumbe mrefu kama hotuba ya ufunguzi. Nimesoma mwanzo: “Mama alikata tiketi ya Jumamosi.” Inatosha! Mengine ni salamu. Hesabu inakubali yenyewe: Ijumaa asubuhi nyumba mbovu kwa ajili ya mkadiriaji, Ijumaa mchana naipamba, Jumamosi mama mkwe anaingia ikulu. Nimejipongeza kwa chai ya pili.

Jumatano, 5 Machi

Kuharibu nyumba ni kazi ngumu kuliko kujenga. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Nimeng'oa mapazia. Nimekunja zulia. Nikalilegeza bomba la jikoni ili lidondoshe tone moja moja, kwa unyonge. Likakataa kudondosha. Nikalilegeza zaidi. Likafoka! Nimeoga na nguo zangu, viatu, na simu mfukoni. Jirani wa chini akapanda kulalamika kwamba taa ya jikoni kwake inanyesha. Nikamwambia kwa sauti ya huzuni kwamba haya ndiyo maisha ninayoishi. Akaniangalia sana. Baadaye akaniletea ndoo. Ushindi! Ndoo yenyewe ina kutu, itapendeza kwa mkadiriaji.

Jioni nilimchungulia Bwana Risiti mlangoni kwake. Mtu huyu anapiga deki! Amefua mapazia, amepanga viatu, ameweka picha ya mkewe mezani. Anajipamba ili atozwe kodi vizuri. Nilimcheka wazi wazi. Akasema mkadiriaji anataka kuona kwamba mtu... Nikaanza kuimba. Akasema nyuma ya barua imeandikwa... Nikaimba kwa nguvu zaidi, ubeti wa pili. Akafunga mlango. Sipendi kumdhalilisha mtu, lakini wengine wanajitafutia.

Alhamisi, 6 Machi

Swali la leo: vitu vyote nivifiche wapi? Jibu limenijia nikipiga mswaki. Chumba cha mashine ya lifti! Kiko juu yetu, ngazi chache tu kutoka korido ya ghorofa ya sita. Ufunguo ninao mimi peke yangu.

Kanuni za kazi zinakataza kuweka kitu chochote mle, hata kopo la rangi. Kanuni hiyo huwa naifundisha mimi kwa mafundi wapya, na huwa nakunja uso nikifika hapo. Lakini iliandikwa kwa ajili ya watu wasiojua lifti.

Nimehamisha makochi mawili, zulia, mapazia, meza, sufuria, birika. Vitanda vya watoto nimeviacha mwisho. Nilisita. Lakini chumba chenye vitanda ni chumba cha kulala, na chumba kitupu ni stoo tu, na stoo haina thamani. Nikavibeba kimoja kimoja. Vimekosa nafasi, nimeviegemeza kwenye lile gurudumu la kuzungusha lifti kwa mkono umeme ukikatika. Gurudumu hilo halijaguswa tangu nifike. Halina haraka.

Nyumbani kumebaki godoro chini, kikombe kimoja, ile ndoo, na barua ya kodi chini ya kikombe.

Sasa lulu ya mpango mzima. Nyumba ya ghorofa ya sita isiyo na lifti ina thamani gani? Kesho, kabla mkadiriaji hajafika, nazima lifti. Apande ngazi mia na nane, nimezihesabu. Akifika juu atakuwa anahema, anaichukia nyumba hata mlango haujafunguliwa. Hata mimi nilitishika kidogo na akili yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Siku kubwa. Naandika polepole, mikono bado ina grisi.

Saa nne kasoro robo niko dirishani. Namwona mtu mrefu, mkoba wa karatasi kwapani, anatazama namba za majengo. Amewahi! Nikapanda mbio chumba cha mashine, nikaruka zulia, nikavuta swichi kubwa. Mashine ikanyamaza. Nikakaa juu ya kochi langu nikisubiri kusikia mtu akihema ngazini.

Nikasikia kengele. Kengele ya dharura, ya ndani ya lifti.

Halafu simu yangu ikalia. Simu ya lifti za mtaa huu huenda moja kwa moja kwa fundi wa zamu. Fundi wa zamu ni mimi.

Nikapokea kwa sauti ya kikazi. Upande wa pili mwanamke akasema, “Halo, fundi, tumekwama humu, mimi na bwana mmoja wa ofisi ya kodi. Na mimi magoti yangu hayataki kusimama sana.”

Magoti yale nayafahamu. Yalisimama kwenye harusi yangu.

Nikabana pua na kusema fundi yuko njiani, mama, msiogope. Halafu, nikiwa bado nimebana pua, nikaufungua ujumbe wa mke wa Jumanne na kuusoma wote kwa mara ya kwanza. “Mama alikata tiketi ya Jumamosi. Wamembadilishia, sasa anafika Ijumaa asubuhi. Usiende kumpokea, amesema anataka kukukuta bila maandalizi.” Na chini kabisa: “Tafadhali nijibu kama umesoma mpaka hapa.”

Nikarudisha swichi. Paa! Fyuzi ikaungua. Harufu mbaya. Lifti imekwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, na imebaki njia moja tu, gurudumu la mkono. Gurudumu halionekani. Liko nyuma ya vitanda, na vitanda viko nyuma ya meza, na meza iko nyuma ya makochi.

Nikaanza kutoa vitu. Vyote vikashuka ngazi zile chache kuingia kwenye korido ya ghorofa ya sita. Kochi lilishuka peke yake, sikulisaidia. Bwana Risiti akafungua mlango kuona kuna nini, nikamkabidhi birika. Muda wote huo simu iko wazi mfukoni, nasikia kila neno la ndani ya lifti.

Mama mkwe alikuwa anamtuliza mkadiriaji, ambaye inaonekana ni mwoga wa vyumba vidogo. Akamwambia asihofu, wakitoka atapumzika kwa mkwewe, kijana mwenye bahati, sebule yake mtu wa upande huu hamsikii wa upande ule. Mkadiriaji akauliza ni ghorofa ya ngapi. Ya sita, akasema. Mlango upi? Akautaja. Mkadiriaji akasema huko ndiko anakokwenda yeye pia.

Halafu mama mkwe akamwonyesha picha.

Nikashika gurudumu nikazungusha kama mtu anayefukuzwa. Watu wawili ndani ni wepesi kuliko kile chuma kizito cha kusawazisha kinachoning'inia upande wa pili wa kamba, na lifti hupanda kwa urahisi kuliko kushuka. Kwa hiyo nilikuwa nawaleta kwangu, sentimita moja moja, huku nasikia. Taa ya vioo. Marumaru. Mti. Nikasikia mkadiriaji akitoa kalamu, maana kalamu yake ina mlio. Nikajua nimekwisha.

Kisha akasema kwa upole kwamba taa hii anaifahamu. Ni ya hoteli. Yeye mwenyewe aliikadiria mwaka jana. Na huyu mwenye vifungo vya dhahabu ni bawabu.

Ghorofa ya mwisho niliizungusha polepole sana.

Walipotoka ghorofa ya sita nilikuwa nimesimama koridoni, grisi mpaka masikioni, katikati ya makochi na sufuria, Bwana Risiti pembeni ameshika birika. Nikasema shikamoo mama. Akasema marahaba. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akauliza, “Ile pua umeshaiachia?”

Mkadiriaji hakutaka hata maji. Akataka kuona nyumba. Nikamfungulia. Akatazama godoro, kikombe na ndoo, akasikiliza bomba. Nikasubiri ile furaha ya ushindi. Badala yake akasema nyumba hii haikaliwi na mtu. Inafanana na nyumba ya mtu aliyetoroka. Akanyanyua kikombe, akachukua barua yangu, akaigeuza.

Nyuma kuna maandishi! Mengi! Akanisomea kama mwalimu. Mfanyakazi aliyehamia kwa ajili ya kazi, ambaye bado anatunza nyumba ya familia yake huko alikotoka, ana kaya mbili mabegani, na kwa hiyo nyumba anayopewa na mwajiri haitozwi kodi. Sharti ni moja. Aonyeshe kwamba anaishi humo kweli. Mkadiriaji haji kupima uzuri wa nyumba ya mtu kama huyo. Anakuja kuona dalili za maisha.

Na mimi nilikuwa nimezihamisha dalili zote za maisha kwa siku mbili, kwa mikono yangu.

Akaniuliza ninaishi wapi hasa. Nikasema hapa. Akaitazama ndoo. Nikasema hapa, wallahi. Akaanza kuandika, na uso wake haukuwa uso wa msamaha.

Hapo mama mkwe akatokea mlangoni. Alikuwa amebaki koridoni. Ameshika ubao wa ubavuni wa kitanda, wenye samaki, uliokuwa umechomoka wakati nahangaika. Akauliza hivi vitanda vidogo ni vya nani.

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari. Hakuna hata mmoja uliotoka. Nikasema ni vya watoto. Nikasema nilivitengeneza mwezi wa pili tangu nifike, kabla hata sijanunua meza yangu. Nikasema yule ni samaki. Akasema ameona kwamba ni samaki. Sauti yake haikuwa ile ya siku zote.

Akamgeukia mkadiriaji, akamwambia aandike kwamba huyu anaishi hapa. Mtu hawatengenezei watoto wake vitanda mahali asipoishi. Na kama anataka dalili, soksi za huyu ziko nyuma ya mlango wa bafu, amezinusa kutoka koridoni. Mkadiriaji akaenda kutazama. Akarudi haraka. Akaandika: anaishi humo.

Msamaha wangu! Mzima! Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka grisi.

Mama mkwe akasema jambo moja zaidi, kwa kawaida tu, kama anaomba chumvi. Kwamba binti yake na wajukuu watakuja mwezi ujao. Hawezi kumwacha mtu wa aina hii akiishi peke yake. Mkadiriaji, mtu wa kazi yake, akanionya kwamba siku familia ikihamia sitakuwa tena na kaya mbili. Msamaha utakoma, na nyumba hii itatozwa kodi kama zilivyo nyingine. Akauliza kama nimeelewa.

Nikasema itozwe! Itozwe yote, mpaka na dari! Nikageukia dirisha kwa sababu macho yalikuwa yameingiwa na grisi. Mama mkwe akanipa leso, akaniambia nisiifanye kuwa nyeusi. Nikaifanya kuwa nyeusi.

Jumamosi, 8 Machi

Ushindi juu ya ushindi. Kampuni imenitangaza Fundi Bora wa Mwezi. Kumbukumbu ya simu inaonyesha kwamba fundi alikuwa kwenye mashine chini ya dakika moja tangu kengele ilie. Haijawahi kutokea. Meneja akauliza siri ni nini. Nikamwambia ni moyo wa kujitolea.

Bwana Risiti naye amepata msamaha. Mkadiriaji alikaa kwake dakika tano, akanywa chai na kuondoka. Akaniambia kwa upole kwamba alijaribu kunieleza. Nikamwambia tumefika mahali pamoja, ila mimi nimefika na cheti. Birika langu bado analo.

Mama mkwe amenisimamia nikirudisha kila kitu mahali pake, amekaa kwenye kochi anaelekeza kwa kidole. Bomba nimelirekebisha. Picha za hoteli amezifuta zote, isipokuwa ya bawabu. Kila nikipita ananionyesha na kuuliza jirani atakuja chai saa ngapi.

Jumatano, 12 Machi

Mama mkwe ameondoka asubuhi kwenda kumsaidia mke kufunga mizigo. Uwanja wa ndege alinishika mkono, akaniambia, mwanangu, kila unachopewa usome mpaka mwisho. Nikaahidi kwa moyo wote. Nilihisi kweli nimekuwa mtu mpya.

Niliporudi nikakuta mhasibu ameniachia fomu. Fomu tamu! Inasema mtu anayehamishia familia yake huku kwa ajili ya kazi, gharama za kusafirisha vyombo vya nyumbani zinatolewa kwenye mapato kabla ya kukatwa kodi. Nikasoma ukurasa mzima, wa mbele, mpaka mwisho, kama nilivyoahidi. Kichwa kikaanza kufanya kazi. Vyombo vingi, mzigo mkubwa. Mzigo mkubwa, kodi ndogo. Nimempigia mke hapo hapo. Alete kabati la mama yake, lile lililotolewa kwa kubomoa ukuta. Alete tangi la maji. Alete geti.

Akauliza geti la nini kwenye ghorofa ya sita. Nikamwambia aniamini.

Jioni Bwana Risiti akabisha hodi, fomu kama hiyo mkononi, akasema upande wa nyuma kuna jambo kuhusu uzito. Nikawasha drili. Hakuna nilichokuwa natoboa.

Sasa hivi umeingia ujumbe wa mke, mrefu kweli. Unaanza: “Mume wangu, yote yanapakiwa kama ulivyoagiza, hata geti, lakini.”

Baada ya lakini kuna maneno mengi sana. Nitayasoma kesho.